Ole-Johan Dahl na Fundisho la Kumbukumbu ya Kompyuta

Ole-Johan Dahl alizaliwa tarehe 12 Oktoba, 1931, mjini Mandal, kusini mwa Norwei. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Oslo, huku akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa ulinzi. Huko alifahamiana na Kristen Nygaard. Mwaka 1963 alimfuata Nygaard katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei, wakaendeleza pamoja lugha ya programu iitwayo Simula, iliyokusudiwa kuigiza mambo ya duniani, kama vile foleni za wateja.

Lugha ya Algol waliyoitegemea ilipanga nafasi za kumbukumbu mithili ya magunia ghalani: la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kutolewa. Lakini wateja hawaondoki kwa utaratibu huo. Kwa hiyo, mwaka 1963, Dahl alibuni orodha ya nafasi zilizo wazi, ili kila kitu kipate mahali pake na kupaacha wakati wowote. Katika Simula 67, kitu kilidumu maadamu programu ilikuwa na njia ya kukifikia. Njia zote zikikatika, mfumo wenyewe uliitwaa nafasi yake.

Mwaka 1968 Dahl alikuwa profesa Oslo. Yeye na Nygaard walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001. Alifariki tarehe 29 Juni, 2002.

Maisha haya yanatufunza kwamba haja hutangulia kanuni. Anayeanza kujifunza akitatizika, asikemewe. Tatizo hilo liliwashughulisha hata mabingwa.

Mwalimu wa Mwanza hana haja ya kutafuta mfano mbali. Mitumbwi ya Mwaloni, Kirumba, yatosha. Mtumbwi ni kitu. Ufuko ni kumbukumbu. Kamba ni jina ambalo programu hulitumia kukifikia kitu. Mtumbwi wenye kamba mbili hauondoki kwa kuachiwa moja. Ikiachwa ya mwisho, nafasi hupewa mwingine. Anayeachia mapema hupoteza shehena. Asiyeachia kamwe huujaza ufuko.

Wanafunzi na washike kamba halisi kabla ya kuandika maagizo. Kisha waulizwe: mitumbwi miwili ikifungana yenyewe kwa yenyewe, bila kamba ya nchi kavu, je, ibaki? Atakayejibu kwamba haifikiki, hivyo nafasi zake zitwaliwe, amelielewa somo.