Jicho la Mungu na Mtoto Mtundu

Mara nyingi sisi wazazi na walimu wa Shule ya Jumapili huwatishia watoto kwa jicho la Mungu. Mtoto akidokoa nyama chunguni, au akitoroka kwenda kuogelea ziwani, twamwonya kwamba Mungu anamwona. Ni kweli kabisa. Lakini je, Mungu huona utundu peke yake? Na tumtazame Askofu James Hannington, ambaye Kanisa la Anglikana humkumbuka tarehe 29 Oktoba.

Alizaliwa mwaka 1847 huko Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Siku moja alitengeneza fataki ya baruti ili akalipue kiota cha nyigu. Ikamlipukia mkononi, akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Shuleni Brighton alipewa jina la Jim Kichaa. Aliwasha moto katikati ya bweni, na kuna siku aliyochapwa zaidi ya mara 12. Viboko havikumbadilisha. Alipofika miaka 15 akaacha shule, akaingia katika biashara ya baba yake.

Baadaye alisoma Oxford, akafanywa shemasi mwaka 1874, lakini moyo wake ulikuwa haujatulia. Rafiki yake Dawson alimwombea na kumwandikia barua. Ndipo, mwaka ule ule, akaipokea amani ya mtu aliyesamehewa.

Desemba 1877 wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, kisiwa jirani yetu. Habari hizo zilimchoma Hannington. Mwaka 1882 akamwacha mkewe na watoto, akatembea kutoka pwani kupitia Mpwapwa na Uyui, karibu na Tabora, mpaka upande huu wa kusini wa ziwa letu. Kuhara damu na homa vikamdhoofisha hata akabebwa kwa machela, akarudi kwao mwaka 1883.

Hakukata tamaa. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Afrika ya Ikweta ya Mashariki. Mwaka 1885 alishika njia ya Mombasa, akapita nchi ya Wamasai. Huko Busoga alifungwa kwa Chifu Luba siku nane, akiandika shajara yake mpaka siku ya mwisho. Tarehe 29 Oktoba, kwa amri ya Kabaka Mwanga, aliuawa pamoja na wengi wa wapagazi wake Waafrika. Askofu twamtaja kwa jina. Wengi wa wale wapagazi hawatajwi. Mungu aliwaona wote, kila mmoja.

Basi, wapendwa, ule ushupavu uliowasumbua walimu wa Brighton ndio Mungu aliousafisha na kuutumia. Walimu waliona moto bweni. Mungu alimwona na mchungaji. Mtoto akikosa, tumwonye, wala tusimfiche kwamba Mungu ameona. Lakini tumwambie pia kwamba jicho hilo hilo humwona anapoumwa, anapoogopa usiku, na anapotamani kutenda mema akashindwa.

Kila mtaa una mtoto ambaye watu wamekwisha kumkatia tamaa. Wiki hii tumtaje huyo kwa jina katika sala zetu, kama Dawson alivyomwombea rafiki yake.