Blaise Pascal: alikufa zamani za farasi, lakini sheria yake iko chini ya pedali ya gari lako

Makanika anayetoa kable ya ambreyaje katika gari la zamani na kuweka silinda mbili za mafuta pahali pake, anafuata sheria iliyoandikwa na Mfaransa aliyekufa zaidi ya miaka 360 iliyopita. Mtu huyo ni Blaise Pascal. Hakuona mtambo wa petroli hata siku moja. Aliugua karibu maisha yake yote, akafariki akiwa na miaka 39 tu.

Pascal alizaliwa tarehe 19 mwezi wa sita 1623 mjini Clermont, katika eneo la milima la Auvergne. Ni mji ule ule ambamo, zaidi ya karne mbili baadaye, kiwanda cha mipira ya magari cha Michelin kilianzishwa. Mama yake alikufa Blaise akiwa na miaka 3. Baba yake, Étienne, alikuwa jaji wa mambo ya kodi. Alibaki na watoto watatu, Gilberte, Blaise na Jacqueline, na mwaka 1631 akahamia nao Paris. Hakumpeleka kijana wake shuleni, alimfundisha mwenyewe nyumbani.

Baba alitaka mtoto ajue kwanza Kilatini na Kigiriki, kwa hiyo akamficha vitabu vya hesabu. Gilberte ndiye aliyesimulia yaliyofuata: akiwa na miaka 12, Blaise alikutwa peke yake akichora kwa makaa chini sakafuni, akitafuta bila mwalimu namna pembe za pembetatu zinavyohusiana. Baba aliona machozi yanamtoka, na tangu siku hiyo akamfungulia vitabu.

Baadaye baba alitumwa Rouen kusimamia kodi, na hesabu zikawa nyingi mno. Mwaka 1642, kabla hajafikisha miaka 20, Blaise alianza kutengeneza mashine ya kujumlisha kwa magurudumu ya meno. Alijaribu mifano karibu 50. Mashine ilifanya kazi, lakini bei yake ilikuwa kali na wanunuzi wakawa wachache.

Kisha akashikwa na swali la hewa: je, ina uzito? Tarehe 19 mwezi wa tisa 1648, shemeji yake Florin Périer, mume wa Gilberte, alipanda mlima Puy de Dôme na bomba la zebaki kwa maombi ya Pascal, ambaye alikuwa Paris. Kule juu zebaki ilisimama chini kuliko ilivyosimama mjini Clermont. Ilionekana wazi kwamba hewa inasukuma, na kwamba mlimani inasukuma kidogo zaidi kuliko bondeni. Ndiyo sababu hadi leo kipimo cha msukumo wa hewa na wa mafuta kinaitwa pascal.

Kutoka hewa akaenda kwenye maji, na hapo ndipo mafundi wa magari wanamdai shukrani. Alieleza hivi: chukua chombo kilichojaa maji na kufungwa pande zote, chenye matundu mawili, moja kubwa mara 100 kuliko lingine, na kila tundu lina pistoni yake. Mtu mmoja anayesukuma pistoni ndogo atalingana na watu 100 wanaosukuma ile kubwa. Msukumo unaoingia katika maji hufika kila upande bila kupungua. Lakini Pascal hakuficha gharama: pistoni kubwa itatembea mwendo mdogo mara 100. Unachopata kwa nguvu, unakilipa kwa mwendo.

Tuangalie gari lenyewe. Volkswagen Coccinelle ya zamani huvuta ambreyaje kwa kable ndefu inayopita chini ya gari hadi nyuma kwenye mtambo. Kable hiyo hukauka, hulika na siku moja hukatika njiani. Fundi anayebadilisha huweka silinda moja kwenye pedali na nyingine karibu na sanduku la vitesi, kisha anaziunganisha kwa bomba la mafuta ya freni. Mafuta hayajali kona, yanafika popote bomba linapofika.

Hesabu ya Pascal ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu. Tuseme pistoni ya pedali ina upana wa milimita 19 na ile ya chini milimita 22. Nguvu itaongezeka kwa karibu theluthi moja, na mguu utapumzika. Lakini pistoni ya pedali ikienda milimita 20, ya chini itaenda karibu 15 tu. Fundi akiweka silinda ya chini iliyo kubwa mno ili pedali iwe laini, diski haitaachana vizuri na vitesi zitalia zikiingia. Hewa nayo ni adui: maji na mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Ikibaki hewa kidogo ndani ya bomba, pedali inazama bure. Kwa hiyo kazi haijaisha mpaka hewa yote itolewe.

Pascal mwenyewe hakuendelea sana na mambo hayo. Usiku wa tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 1654 imani ilimgusa kwa nguvu. Aliandika mambo ya usiku ule kwenye karatasi, akaishona ndani ya koti lake, na iligunduliwa baada ya kifo chake. Tangu hapo alitumia muda wake mwingi kuandika juu ya Mungu na mwanadamu.

Hata hivyo hakusahau njia za wasafiri. Tarehe 18 mwezi wa tatu 1662, yeye na rafiki zake walianzisha Paris magari ya farasi yanayofuata njia moja, kwa saa zinazojulikana, kwa nauli ya sol 5, hata kama abiria ni wachache. Ndiyo mwanzo wa usafiri wa mjini kama tunavyoujua. Wakubwa wa mahakama waliwakataza askari na watumishi wasipande. Pascal alitaka faida yake iende kwa maskini wa Blois, waliokuwa na njaa.

Miezi michache baadaye mtoto wa familia maskini aliyoihifadhi nyumbani mwake alishikwa na ndui. Pascal hakuwafukuza. Alihama yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mgonjwa, akaenda kwa Gilberte. Huko ndiko alikofia, tarehe 19 mwezi wa nane.

Kitabu chake juu ya maji kilichapishwa mwaka 1663. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alikitumia kanuni hiyo kutengeneza mashine ya kubana vitu kwa maji. Mwaka 1921 gari la Duesenberg la Marekani lilitoka na freni za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Ambreyaje ya mafuta ikafuata njia hiyo hiyo. Pascal hakukiona kitabu chake kikichapishwa, lakini kila shofere anayekanyaga pedali leo anakitumia.