Klaus Wachsmann: Aliyesikiliza kwanza, akapima baadaye

Mpiga adungu wa Arua au Koboko haanzi na wimbo. Kwanza huzungusha vigingi, akagusa uzi mmoja, akasikiliza, ndipo nyuzi nyingine zifuate. Uanze uzi upi, na uufuate kwa kipimo cha nani? Klaus Wachsmann alitumia miaka mingi nchini Uganda akitafiti vipimo vya aina hiyo.

Alizaliwa Berlin mwaka 1907. Utawala wa Hitler ulimlazimu kuondoka Ujerumani, na mwaka 1937 akafika Uganda. Alikuwa msomi wa muziki wa Ulaya. Fundi wa piano huko huanza na sauti moja ya katikati, aghalabu ile ya mitetemo 440 kwa sekunde. Kisha hupanga hatua 12 zinazolingana, ndipo aendelee juu na chini.

Wachsmann alipopima kinubi cha Baganda kiitwacho ennanga, alikuta hatua tano zinazokaribia kulingana. Kila moja ni kubwa kuliko hatua mbili za piano, lakini haifiki tatu. Mtu anayeanzia kwenye piano angesema kinubi kimeharibika. Wachsmann aliona kwamba mpigaji ana kipimo chake, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1950.

Kuanzia 1948 hadi 1957 aliongoza Jumba la Makumbusho la Uganda, ambako ala zilipigwa na wenyewe badala ya kukaa kabatini tu. Kati ya 1949 na 1954 alizunguka nchi akirekodi muziki, ukiwemo wa West Nile. Baadaye alifundisha Marekani, akafariki Uingereza mwaka 1984. Kanda zake zimehifadhiwa London, na nakala zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere.

Leo kwaya nyingi za West Nile hulinganisha adungu na kinanda, kwa do, re, mi. Hilo si kosa, maana nyimbo za sasa zinahitaji hivyo. Lakini Waalur wako Uganda na Kongo pia, na wazee wa pande zote mbili wakiondoka bila kusikilizwa, kinanda kitabaki kipimo pekee. Kijana mwenye adungu mpya na amwombe mzee akaze uzi wa kwanza, na simu iwe inarekodi.