Bibi Mary Leakey na Mashimo ya Wasirikwa

Msafiri wa zamani aliyepanda gari la moshi Mombasa kwenda Kisumu, akishazipita Nakuru, Njoro, Molo na Londiani, alifika stesheni ndogo ya Kedowa, katika baridi ya milima ya Kericho. Wengi wetu watu wa Pwani twaijua nchi hiyo kwa kikombe cha asubuhi tu. Lakini katika nyanda zile za juu, tangu Nakuru mpaka Sotik, na kaskazini hadi Cherangani, yako mashimo mapana ya duara yaliyochimbwa ubavuni mwa vilima, sasa yameota nyasi. Wazee wa Kikalenjin husema ni ya Wasirikwa, watu waliokaa hapo kabla yao.

Walowezi wa Kizungu walipoyaona iliwawia vigumu kusadiki kwamba ni kazi ya wenyeji. Mwaka 1933 mwanachuoni mmoja, Huntingford, aliandika habari za ustaarabu wa kale alioupa jina la Azania, na mashimo hayo akayatia humo. Jambo hilo si geni kwetu, maana hata sisi kila ukuta wetu wa mawe ulitafutiwa mjenzi kutoka ng'ambo.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuyafukua kwa utaratibu alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa hana hata cheti cha shule. Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha, naye alimchukua bintiye kote alikosafiri, wakafika Ufaransa penye mapango yenye michoro ya watu wa kale. Baba alikufa mwaka 1926, na mama akamtia binti shule za watawa. Alifukuzwa mara mbili. Mara moja kosa lake lilikuwa kukataa kukariri mashairi mbele ya watu, na hilo sisi washairi twamsamehe.

Kilichompatia kazi ni mkono wake wa kuchora zana za mawe. Kwa michoro hiyo alijuana na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa na mke na watoto. Pakazuka maneno mengi. Hatimaye talaka ikatoka, na wawili hao wakaoana mwishoni mwa mwaka 1936. Mwezi uliofuata Bibi Mary alikanyaga Kenya.

Mwaka 1937 alianza kuchimba katika Hyrax Hill, kilima cha pimbi kilicho karibu na mji wa Nakuru, juu ya reli ile ile iendayo Kedowa. Alikuta makaburi ya watu wa zama za mawe, na upande mwingine wa kilima kijiji chenye mashimo. Shimo moja alilifukua tabaka kwa tabaka, kila kigae na kila mfupa akauandika pale ulipolala, akachapisha habari zake mwaka 1945. Alihukumu kwamba watu walilala ndani ya mashimo.

Hapo alikosea. Katika miaka ya 1960 mtaalamu John Sutton alichimba sehemu nyingi za nchi ile, Chemagel karibu na Sotik ikiwamo, akaona kwamba shimo lilikuwa zizi la ng'ombe, na nyumba ilijengwa ubavuni mwake, mlango wake ukifungukia zizini. Tuta lililo upande wa chini ni samadi na matope yaliyozolewa humo kila siku. Basi hawakuwa taifa geni lililotoweka. Walikuwa wafugaji wa nchi ile ile, tangu kiasi cha mwaka 1200, na damu yao imo katika Wakalenjin wa leo. Mwaka 1985 Sutton alirudi Hyrax Hill penyewe kuchimba tena, na kwa kuwa Bibi Mary hakuficha wala hakupamba alichokiona, maandiko yake yalifaa kumsahihisha mwenyewe.

Dunia inamjua kwa mengine. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Tanganyika, mumewe akiwa kambini na homa, yeye aliona fuvu likichomoza udongoni. Wakaliita Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliiitia pwani hii yetu. Wachache wetu twakumbuka kwamba jina letu lilipewa mfupa. Mwaka 1978 yeye na wenzake walifukua nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka milioni tatu na nusu na ushei. Mume alikuwa amekwisha kufa tangu 1972.

Bibi Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Disemba 1996. Kilima chake cha kwanza kingalipo, na apandaye ataona, juu ya jiwe gumu, safu za vishimo vya bao.