Machemba wa Luagala na barua yake kwa Mjerumani

Kila inapotajwa vita ya babu zetu dhidi ya Wajerumani, sisi hukimbilia kumtaja Abushiri wa Pangani, Mkwawa wa Kalenga na Kinjikitile wa Ngarambe. Sawa, wanastahili. Lakini huko kusini, ukitoka Masasi ukapanda uwanda wa Makonde, ukapita Newala na Mkunya kuelekea Luagala, yupo mtu ambaye naona tumemdhulumu kwa kumsahau. Jina lake ni Machemba. Katika vitabu vya shule nilivyosoma mimi alipewa sentensi moja au mbili, basi.

Machemba alikuwa Myao aliyetawala katika nchi ya Wamakonde. Makao yake yalikuwa Luagala, ambayo leo iko Tandahimba, wilaya iliyomegwa kutoka Newala. Alikuwa mtu wa misafara, na biashara yake iliteremka mpaka bandari za Lindi na Mikindani. Wala tusimpake mafuta: biashara ya watumwa nayo ilikuwamo, na wapo waliojificha vichakani kwa kuogopa watu kama yeye. Nalisema hili mapema, kwa sababu anayetaka kujijua hawezi kuchagua mazuri tu katika habari za wazee wake.

Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri kule Pangani. Mei 1890 Hermann von Wissmann akashuka kusini na askari wake, wengi wao Wasudani na Wazulu wa kukodiwa, akaziteka Kilwa, Lindi na Mikindani. Pwani yote ikawa mkononi mwake. Machemba naye akatakiwa ateremke pwani, ajisalimishe kama wengine walivyofanya.

Hakuteremka. Alijibu kwa barua, tena kwa Kiswahili. Alimweleza Wissmann kuwa amezisikia habari zake lakini haoni sababu yoyote ya kumtii, na kwamba afadhali afe. Kama Mjerumani anataka urafiki, yeye yuko tayari siku zote. Kama anataka vita, yuko tayari pia. Ama kuwa raia wake, hapana. Hawezi kumwangukia miguuni, kwa kuwa wote wawili ni viumbe wa Mwenyezi Mungu. Yeye ni sultani katika nchi yake, na Mjerumani ni mkubwa katika nchi ya kwao. Yeye hamwamrishi Mjerumani amtii, basi kwa nini Mjerumani amwamrishe yeye?

Hebu itazame hoja hiyo vizuri. Hakujisifia wingi wa bunduki wala ukubwa wa jeshi. Alisimama juu ya jambo moja: kiumbe hamsujudii kiumbe. Kwangu mimi hii ni hoja ya tauhidi, na si ajabu, maana wakati huo Uislamu ulikuwa umeshaanza kuenea kwa Wayao kupitia biashara yao na pwani. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatufundisha kuwa kuumbwa kwetu mataifa na makabila ni kwa ajili ya kujuana. Asiyejijua yeye mwenyewe atajuanaje na mwenzake? Atakachoweza ni kuwa mtumwa wake au bwana wake. Machemba alikataa kuwa mtumwa wa Mjerumani, na katika barua ile hakudai kuwa bwana wake.

Wajerumani wakapeleka majeshi, wakashindwa kummaliza. Uwanda ule ulikuwa vichaka vizito ambamo mzinga hauna kazi, na maji ni ya shida, yanafuatwa mabondeni. Mgeni asiye na mwenyeji alitaabika. Pakawa na suluhu, kisha pakaharibika tena. Novemba 1895 Hassan bin Omari Makunganya, Myao mwenzake aliyekuwa akipigana upande wa Kilwa, alinyongwa na Wajerumani. Machemba alikuwa bado Luagala.

Kilichomtoa ni kodi. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, kila nyumba ilipiwe. Wapo watakaosema ni fedha kidogo tu, angelipa akae kwa amani. Lakini kumlipa mtu kodi kwa nyumba uliyojijengea mwenyewe, juu ya ardhi uliyomkuta babu yako, ni kukiri kuwa yeye ndiye mwenyewe na wewe ni mpangaji. Ni kile kile alichokikataa mwaka 1890. Alikataa tena. Mwaka 1899 likaja jeshi kubwa, naye akavuka Mto Ruvuma na watu wake akaingia Msumbiji. Luagala ilichukuliwa. Machemba mwenyewe hakuwahi kwenda kuinama mbele ya Mjerumani.

Jambo linaloniuma ni hili. Barua ile iliandikwa kwa Kiswahili. Lakini kwa miaka mingi kijana wa sekondari wa Newala au Masasi, akibahatika kuisoma, ameisoma kwa Kiingereza, ndani ya vitabu vilivyoitoa katika maandishi ya Wajerumani. Maneno ya mzee wa nchi yake, kwa lugha anayoongea sokoni kila siku, yamemfikia baada ya kupita Berlin na London, na mwalimu akasimama ubaoni kumtafsiria.