Shinikizo la damu lilivyokatiza maisha ya Rais Roosevelt

FRANKLIN Delano Roosevelt, Rais wa 32 wa Marekani, alizaliwa Januari 30, 1882, Hyde Park, jimbo la New York.

Mnamo 1921 maradhi ya kupooza yalimwondolea nguvu za miguu, lakini hayakumzuia kuingia ikulu 1933 na kuliongoza taifa lake katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Adui aliyemshinda hakupiga hodi. Machi 1944, Roosevelt akiwa na umri wa miaka 62, daktari wa moyo Howard Bruenn alimpima na kukuta shinikizo la damu limefika 186 kwa 108, moyo nao umeanza kushindwa kazi.

Tiba ya enzi hizo ilikuwa haba: kupumzika, kupunguza chumvi na sigara, na dawa ya dijitalisi ya kuupa moyo nguvu. Vidonge salama vya kuteremsha shinikizo lenyewe havikuwapo. Umma haukuelezwa hali yake, naye akachaguliwa kwa muhula wa nne Novemba mwaka huo.

Aprili 12, 1945, akiwa Warm Springs, Georgia, damu ilivuja ubongoni, akafariki akiwa na miaka 63.

Vidonge vya kuongeza mkojo, ambavyo hushusha shinikizo, vilianza kuuzwa 1958. Utafiti wa HYVET, uliochapishwa 2008, ulionyesha kuwa hata waliotimiza miaka 80 hunufaika na tiba.

Mzee wa leo anacho alichokikosa Roosevelt, mradi apimwe mapema na asiache dawa zake.