Ndahura, mtoto aliyetupwa mtoni akawa mfalme

BUNIA – Wahema wengi wa Ituri husimulia kwamba babu zao walivuka Ziwa Albert kutoka Bunyoro, Uganda. Huko ng'ambo ndiko jina la Ndahura linajulikana sana. Alikuwa mfalme wa kwanza wa Bachwezi, watu ambao masimulizi huwaweka kati ya binadamu na pepo. Wanahistoria wanabishana hadi leo kama aliishi kweli.

Kabla hajazaliwa, ufalme wa Kitara ulikuwa mikononi mwa Bukuku, mlinzi wa lango aliyeachiwa kiti na mfalme Isaza. Waganga walimwonya aogope mtoto wa binti yake, Nyinamwiru. Bukuku akamtoboa binti huyo jicho moja, akamkata sikio, akamfungia ndani ya boma lisilo na mlango. Haikusaidia kitu. Isimbwa, mwana wa Isaza, alipanda boma kwa ngazi, na Nyinamwiru akazaa mtoto wa kiume. Bukuku akaamuru atupwe mtoni. Mfinyanzi akamwokota, akamlea kama wake.

Wagiriki wa kale nao walikuwa na kisa kama hiki. Mfalme Acrisius alimfungia binti yake Danaë, kisha akamtupa baharini pamoja na mtoto wake Perseus, na mvuvi akawaokoa. Perseus alimuua babu yake bila kukusudia, katika michezo, akaona haya kukaa kwenye kiti chake. Ndahura hakuona haya. Aligombana na wachungaji wa Bukuku mahali pa kunyweshea ng'ombe maji ya chumvi, na babu alipofika mwenyewe, alimchoma mkuki, akakalia kiti.

Haya ilimpata baadaye. Baada ya kupiga vita vingi na kupanua Kitara, alitekwa siku ambayo giza lilifunika jua. Aliporudi hakukubali kutawala tena. Akamwachia ufalme mwanawe Wamara, akaondoka.

Baada ya hapo watu walimwogopa kama pepo wa ndui. Kwenye mlima Mubende, Uganda, kuhani wake wa kike, aliyeitwa Nakayima, alipokea zawadi hata za wafalme wa Bunyoro, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Lakini chini ya mti mkubwa wa Nakayima, watu wangali wanapanda kwenda kuomba uzazi na afya.